Kamongo Aliyeamshwa Kabla ya Mvua

Najua mmechoka. Wengine mmetoka shambani moja kwa moja, wengine mmeacha maharage jikoni na mawazo yenu yako kwenye moto. Sitawashika sana. Nina mfano mmoja tu, nao unahusu samaki.

Mama mmoja aliishi ukingoni mwa mbuga, kule ambako wakati wa mvua watu hulima mpunga kwenye majaruba, na kiangazi ardhi yote hupasuka kama kisigino. Tumwite Mama Minza. Alikuwa na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Mume wake alikwenda machimboni kutafuta riziki, na habari zake zilifika mara moja moja, tena kwa midomo ya watu wengine. Mvua za mwaka uliotangulia ziliangusha ukuta mmoja wa nyumba yake, ule wa upande wanakolala watoto. Tangu siku hiyo pale paliwekwa turubai, na turubai lenyewe lilikuwa limeanza kuchanika.

Basi kiangazi kilipokolea akasema moyoni kwamba mwaka huu mvua haitamkuta hivi. Alihitaji matofali mia nane. Hakuwa na mtu wa kumfyatulia, kwa hiyo akaazima kibao cha kufyatulia, akachagua jaruba lililokauka karibu na nyumba, akaanza mwenyewe.

Mnajua kazi ya matofali? Unachimba udongo. Unabeba maji kutoka kisimani, na kisima kiangazi kiko mbali kuliko kisima hichohicho wakati wa mvua. Unakanyaga udongo kwa miguu mpaka ulainike, unajaza kibao, unasawazisha, unageuza. Huku mtoto yuko mgongoni, akilia unakaa chini kumnyonyesha, na ukiinuka udongo umeshaanza kukauka, unaongeza maji. Siku nzuri alipata matofali arobaini. Siku mbaya, kumi na tano. Jioni aliyafunika kwa nyasi, maana tofali ambalo halijachomwa bado ni udongo tu. Likinyeshewa linarudi lilikotoka.

Zamani mama huyu alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili. Alikuwa wa kwanza kumtembelea mgonjwa na wa mwisho kuondoka msibani. Kiangazi hicho hakuonekana mazoezini hata siku moja. Jumapili alikuja, akakaa benchi la nyuma na mtoto wake, na mahubiri yakianza tu kichwa chake kinaanguka. Nanyi mnajua watu wanavyotazamana wakiona mwenzao amelala kanisani.

Yeye mwenyewe aliogopa. Alijaribu kusali jioni, na usingizi ulimchukua kabla hajamaliza neno la kwanza. Alianza kufikiri kwamba kitu fulani ndani yake kimekufa, na kwamba wenzake wameshakijua kifo hicho kabla yake.

Siku moja mchana alikuwa anachimba, jembe likapasua bonge gumu la udongo. Ndani ya bonge mlikuwa na kitu kama mfuko wa karatasi kavu, rangi ya kahawia. Akaubandua kwa vidole. Ndani ya mfuko alikuwamo kamongo. Alikuwa amejikunja, mkia umemfunika macho kama mtoto anayekataa mwanga.

Mama Minza aliwajua kamongo wa masika, wale wanene wanaokatiza kwenye majaruba yenye maji. Lakini wanawake wa ukoo wao hawali kamongo, ni mwiko tangu kwa bibi zao, na kwa sababu hiyo hawafundishwi mambo yake. Kumtafuta kiangazi, kumchimba, kumjua anavyoishi, hizo zote zilikuwa habari za wanaume. Kwa hiyo alichokiona yeye ni kiumbe aliyefukiwa akiwa hai. Akamgusa. Baridi, mkavu, hatikisiki. Na moyo wake ukamwuma kuliko unavyopaswa kumwuma mtu kwa ajili ya samaki.

Ndoo yake ya maji ya kukandia udongo ilikuwa imebaki nusu. Aliyamimina kwenye beseni na kumtia samaki ndani.

Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha mwili ukalainika. Mkia ukajikunjua. Mdomo ukapanda juu ya maji, ukavuta hewa, maana kamongo Mungu amempa mapafu. Mama Minza akacheka peke yake jarubani. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka baada ya siku nyingi.

Hapo akatokea shemeji yake, mdogo wa mumewe, na mkuki begani. Alikuwa kwenye shughuli hiyohiyo ya kutafuta kamongo. Akachungulia beseni.

"Shemeji, umeanza kuniingilia kazi," akasema. "Haya, lete kitoweo."

"Huyu haendi sufuriani. Nimemwokoa."

Shemeji alicheka mpaka akachuchumaa. "Umemwokoa na nini?"

Akamweleza, na katikati ya maelezo kicheko kikamwisha. Alisema maji yakianza kukauka, kamongo huchimba shimo kwenye tope akaingia, akajikunja, akatoa ute unaomzunguka mwili mzima na kukauka kama nguo. Anaacha tundu dogo la kuvutia pumzi. Moyo unapiga polepole sana. Hali chochote isipokuwa nyama ya mwili wake mwenyewe, kidogo kidogo, na anaweza kukaa hivyo kiangazi kizima na zaidi. Ukimwona utadhani amekufa. Kumbe hiyo ndiyo namna yake ya kutokufa.

"Alikuwa amefunga duka, shemeji, basi. Wewe umemfungulia mlango na ndani hamna kitu. Ataamka na njaa ya miezi minne. Utampa nini? Utamwimbia?"

"Nimrudishe kwenye udongo."

"Hawezi. Ile nguo aliishona mwenyewe, tope likiwa bichi. Huwezi kumfukia kama kiazi." Akasimama, akaweka mkuki begani. "Kamongo anaamshwa na mvua. Na mvua haiji mikono mitupu, inakuja na maji ya kuogelea, na vyura, na wadudu. Wewe umekuja na beseni."

Shemeji akaomba tena apewe samaki akamchemshe, kwamba afadhali ale mtu kuliko asile mtu. Mama Minza akakataa. Aliona haya kumwua kiumbe ambaye yeye mwenyewe amemwamsha.

Siku tatu alimhangaikia. Alimpa ugali, akaukataa. Alimpa dagaa wawili kutoka kwenye mboga ya watoto, akawameza na kutafuta wengine. Jua la mchana lilichemsha maji ya beseni, ikabidi abadilishe, na kila kubadilisha ni safari nyingine ya kisimani. Siku hizo tatu alifyatua matofali hamsini na mbili tu. Asubuhi ya nne alimkuta nje ya beseni, ametapakaa vumbi, amekauka karibu na jiko. Alikuwa ametoka kutafuta mto. Mama Minza alimfukia palepale jarubani na hakumwambia mtu yeyote.

Alikuwa amefikisha matofali mia tano na arobaini.

Wiki hiyohiyo alipata wageni. Mwenyekiti wa kwaya na wanakwaya wawili. Hawakuja kwa ubaya, na mimi siwasemi kwa ubaya. Walikuja mchana, wakati mzuri wa kazi. Mama Minza akanawa matope, akatandika mkeka, akawasha moto, akawapikia chai. Walikunywa na kuzungumza habari za harusi ya nani na nani. Mmoja akatazama zile safu za matofali akasema ni mazuri sana, ni ya nani?

"Ya kwangu," akajibu.

"Hongera," wakasema wote.

Kisha mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Mama Minza, sisi ni dada zako, hatutakuficha. Umepoa. Wewe si yule tuliyemjua. Sikukuu ya mavuno ni wiki mbili zijazo na sauti ya pili imebaki na watu watatu. Tumekuja kukuamsha."

Akataka kujibu. Alikuwa na maneno, lakini yalikuwa mazito kama udongo, na kuyainua kulihitaji nguvu ambazo hakuwa nazo. Akasema, "Nitakuja."

Wakamwombea, wakamshika mabega, wakaondoka wamefurahi. Na kweli, aliamka. Jumanne akaenda mazoezini, Alhamisi akaenda, Jumamosi akaenda. Kwenda ni saa nzima kwa miguu, kurudi ni saa nzima. Watu wakamsifu. Ona, wakasema, alihitaji kuambiwa tu.

Jumamosi ya pili, mazoezi yakiwa katikati, kukawa giza upande wa mbuga. Mvua ya mwaka ule iliwahi. Mama Minza aliona kupitia dirishani. Asubuhi alikuwa ameyafunua matofali ili yapigwe na jua, akisema moyoni kwamba atawahi kurudi. Akamsogelea mwenyekiti, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba anaomba kwenda nyumbani, ana matofali nje.

"Umebaki wimbo mmoja tu," mwenyekiti akasema. "Tafadhali, dada. Usianze tena."

Akarudi mstarini. Sasa niulizeni, kwa nini hakuondoka tu? Mlango ulikuwa wazi. Lakini mtu aliyechoka kiasi kile hana hata nguvu ya kukataa. Kukataa nako ni kazi.

Wakaimba ule wimbo. Mvua ikaanza kupiga bati, nao wakaimba kwa nguvu zaidi ili wasikilizane. Mmoja akasema hizi ni baraka, na wote wakaitika.

Alifika nyumbani mvua imekatika. Jarubani palikuwa pamelala matuta matuta, mahali palipokuwa na safu za matofali. Mengine ungeweza bado kuona pembe. Alipoligusa moja, likaingia mkononi mwake kama uji mzito. Watoto walikuwa wamejibanza upande mmoja wa nyumba, mbali na turubai.

Hakulia. Alimfunga mtoto mgongoni vizuri, akavua viatu vya kanisani, akaviweka mahali pakavu. Akaingia kwenye tope, akaanza kukanyaga. Udongo ulikuwa umekwisha kulowa, na maji hayo hakuyabeba mtu.

Mfano umeishia hapo.

Ndugu zangu, nilipofika kwenye habari za kulala, najua wengine mlijiandaa kuambiwa tuamke. Tumezoea. Kila anayesimama hapa mbele anatuambia tuamke, na sisi tukirudi nyumbani tunawaambia wengine. Leo sitasema hivyo.

Mungu aliyemwumba kamongo alijua kwamba kutakuwa na kiangazi. Hakumnyang'anya kiangazi, wala hakumwambia aogelee kwenye vumbi ili aonyeshe imani. Alimpa namna ya kupunguza. Moyo upige polepole, mwili ujikunje, tundu dogo la pumzi libaki wazi, na hilo litoshe. Tukimwona samaki anafanya hivyo tunasema ni maajabu ya Muumba. Akifanya mwanamke mwenye watoto watatu na ukuta ulioanguka, tunasema amepoa.

Je, yule mama alikuwa amekufa kiroho? Alikuwa akija kila Jumapili. Saa nzima kwa miguu, na mtoto mgongoni, ili alale kwenye benchi la nyuma. Sisi tulioona kichwa kinaanguka, nani kati yetu aliona miguu iliyomleta? Lile benchi ndilo lililokuwa tundu lake la pumzi, nasi tukaliziba kwa maneno mazuri.

Maana wale watatu waliokaa kwenye mkeka ni sisi. Chai yake tulikunywa sisi. Tulikaa mbele ya matofali mia tano na arobaini tukasema hongera, na hakuna aliyeuliza yamebaki mangapi. Tulikuwa watu watatu wenye mikono sita. Mchana ule mmoja tungemaliza sabini. Badala yake tulitoa beseni letu dogo la maji, tukamwamsha, tukaenda zetu. Na aliyeamshwa ndiye aliyebaki na njaa.

Simaanishi kwamba hakuna usingizi mbaya. Upo, na kila mtu anaujua wake mwenyewe. Lakini kabla hujamwita mwenzako aliyelala, tazama ulichokuja nacho. Kama una wimbo tu, kaa nao kwanza. Kama una mikono, nenda.

Mama Minza nimemtunga, msimtafute. Wa kwako unamjua. Hata sasa umeshamkumbuka, na pengine ulikuwa umepanga kumtembelea wiki hii kumwambia neno la kumtia nguvu. Nenda. Ila neno liache nyumbani. Usikae mkekani, usikubali chai. Muulize kibao kiko wapi, na kisima kiko upande gani, na mpe mtoto wake mgongo mwingine wa kubebwa.

Na wakati mnakanyaga udongo wake, mkimwona amekaa pembeni kivulini na kichwa kimeanguka, punguzeni sauti. Mwacheni alale.