Zamu ya Maji ya Nakijwa

Mkono uuguzao nao una shamba. Mliisikia jana, babu yenu mdogo alipoitamka kwenye kikao cha ukoo, mkatazamana kana kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa. Endeleeni kumenya hizo ndizi, maana chakula hakijipiki, mnisikilize. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Upare, upande wanaolima tangawizi, maji hayana mchezo. Usiku hukusanywa kwenye ndiva, yaani bwawa la kijiji, na asubuhi hufunguliwa yateremke mferejini kwenda mashambani. Kila nyumba ina zamu yake. Na sheria ni moja: zamu yako ikifika, uwe kwenye mfereji na jembe mkononi, uyageuzie kwako. Usipokuwepo yanakupita, yanakwenda kwa mwenzako wa chini, nawe unangoja mpaka mzunguko urudi.

Aliyekuwa akiyagawa maji hayo alikuwa Mzee Senkondo, na mzee huyo alikuwa mgumu, msione. Aliwahi kumpita mkwewe mwenyewe aliyekuwa ameingia kichakani kujisaidia. Mkwe anatoka huku anafunga mkanda, maji yako kwa jirani. Watu walicheka mwaka mzima, lakini hakuna aliyesema ameonewa, kwa sababu hata shamba lake mwenyewe Senkondo aliliacha likapitwa, siku wanawe walipolala wakasahau kwenda.

Kisha kiharusi kikamwangusha. Upande wa kulia ukafa ganzi, ulimi ukawa mzito, na mtu aliyekuwa akikipanda kilima kile kama mbuzi akawa wa kugeuzwa kitandani. Mkewe alikwishatangulia mbele ya haki, na watoto wote walikuwa mijini. Mwanawe mkubwa, Elinihaki, mwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Moshi, akamletea msichana wa kazi kutoka mbali, akawa anamlipa kila mwezi. Msichana hakuwa na ubaya, ila alimwogopa mzee, na mzee naye aliona aibu kuvuliwa nguo na mtoto wa watu asiyemjua. Akiletewa uji anafunga mdomo, uji unaishia kifuani. Haukupita muda, msichana akafungasha vyake.

Ndipo alipokuja Nakijwa. Alikuwa binti wa marehemu mdogo wake Senkondo, mjane mwenye watoto wawili shuleni, na kishamba chake cha tangawizi ndicho kilikuwa ada, ndicho kilikuwa chumvi, ndicho kila kitu. Hakuitwa na mtu. Aliingia asubuhi, akaona hali ilivyo, akapandisha mikono ya gauni.

"Baba mkubwa," akasema, "kama unaona haya fumba macho. Mimi nakuogesha."

Senkondo akafumba. Siku ya pili yake hakufumba.

Jamani, mwanamke yule alijua kuuguza. Alimgeuza ubavu kabla mgongo haujachubuka. Uji aliupoza, akamngoja ameze, hana haraka, kama hana kazi nyingine duniani. Ule mkono uliokufa aliupa kipande cha tangawizi aminye, na mzee akizembea anamkaripia: minya, baba mkubwa, tangawizi haiumi. Vidole vikaanza kusikia. Juu ya hayo alimletea umbea wote wa kijiji, nani kagombana na nani mferejini, mpaka mzee akawa anacheka kwa upande mmoja wa uso. Senkondo alimpenda kuliko alivyowapenda wanawe, na moyoni hakujificha.

Kila aliyepita kumjulia hali mgonjwa alimsifu Nakijwa. Huyu ndiye mtoto. Mungu atakulipa. Elinihaki alipopiga simu alisema hayohayo, akapumua, na ile hela ya msichana akaacha kuituma, maana sasa baba yuko kwa mtu wake.

Sasa, mfereji ulipita nyuma ya chumba cha Senkondo, na sikio la mgawa maji halistaafu. Asubuhi moja Nakijwa akiwa anamsugua mguu, mzee akayasikia maji yanashuka. Akapiga hesabu ya mzunguko, akajua ni zamu ya nani. Ilikuwa ya Nakijwa mwenyewe. Akamtazama. Nakijwa akainamisha kichwa, akaendelea kusugua, maji yakapita. Mzunguko uliofuata tumbo la mzee lilikuwa limeharibika, shuka zote chafu, na maji yakapita tena. Senkondo akataka kumwambia aende, ulimi ukamkatalia. Akalala pale akisikiliza sheria aliyoilinda maisha yake yote ikimnyang'anya mtu anayemlisha. Ilimuuma kuliko kiharusi.

Tangawizi ya Nakijwa ikageuka manjano, kisha ikanyauka. Hapo akamtumia Elinihaki ujumbe, naye akaja, na shangazi yao Nanzighe, dada yake Senkondo, akaja pia. Wakakaa chumbani kwa mgonjwa. Nakijwa akawaeleza, macho yako chini, kwamba hakumchoka baba mkubwa, ila shamba limekufa na watoto watarudishwa nyumbani. Itambidi amwache, akavune tangawizi za watu kwa kibarua.

 Senkondo alijua akiondoka huyu, yeye anarudi kwenye uji wa kifuani. Alijua vilevile kwamba binti ana haki.

Elinihaki hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alisema basi atafutwe msichana mwingine, mshahara atautoa yeye kama zamani. Nakijwa akainua uso kwa mara ya kwanza.

"Kumbe hela ya kumlipa mtu ipo," akasema.

"Ipo ya mgeni," akajibu Shangazi Nanzighe. "Wewe ni damu. Undugu haulipwi, mwanangu. Ukipokea, utakuwa umemuuza baba yako."

Hilo ndilo neno Nakijwa alilokuwa akiliogopa siku zote. Ndilo lililomfanya akae na njaa yake bila kusema.

Pale kitandani, Senkondo akaanza kuhangaika na ulimi wake. Wote wakageuka.

"Msaragambo," akasema.

Msaragambo ni ile siku kijiji kizima kinapokwenda kuzoa tope la ndiva. Asiyefika na jembe hapati maji. Wakadhani mzee anaweweseka.

"Mpishi... analima?"

"Halimi, kaka," akasema Nanzighe. "Anawapikia wanaolima."

"Maji... anapata?"

"Anapata. Anahesabiwa kuwa jembe lake lilikuwepo. Si wewe mwenyewe uliyekuwa ukitwambia, anayemnyima mpishi maji na asile chakula chake..." Nanzighe akakatika hapohapo, mkono ukamwenda mdomoni.

Senkondo akavuta pumzi, akalitoa neno kipande kwa kipande. "Mkono uuguzao... nao una shamba."

 Elinihaki alitazama sakafu kwa aibu, kisha akasema kuwa kuanzia mwezi ule Nakijwa atapata alichokuwa akipata mgeni, na si asante, ni haki yake. Na zamu yake ya maji ikifika, ukoo utampeleka mtu na jembe. Nakijwa bado akasita, akanong'ona kwamba watu watasema.

"Waje waniogeshe," akasema mzee. "Halafu... waseme."

Zamu ya Nakijwa ikaangukia kesho yake. Elinihaki mwenyewe ndiye aliyesema atakwenda kusimama mferejini, na Nakijwa akashuka zahanati mapema kuchukua dawa za mzee, maana ni yeye peke yake aliyezijua. Lakini mtu wa duka ni mtu wa duka. Simu ikaita, akaanza kubishana na mteja habari za mabati, jembe kaliegemeza ukutani.

Senkondo akayasikia maji yanashuka.

"Maji," akasema. Mwanawe akamletea kikombe, simu ingali sikioni. Mzee akakisukuma. "Jembe!"

Hapo Elinihaki akaikata simu, akataka kukimbia. Mzee akamshika shati. "Na mimi." Hakukuwa na nafasi ya kubishana, kwa hiyo mtu mzima yule, na viatu vyake vya mjini, akampa baba yake jembe, akambeba mgongoni, wakateremka kilima mbiombio.

Mgawa maji mpya alikuwa amefunzwa kazi na Senkondo, na alifunzika. Alikuwa ameshafika kwenye shamba la Nakijwa na kusimama pale maji yanapogeuziwa, akauliza kama desturi: shamba hili, nani yupo na jembe?

Juu ya mgongo wa mwanawe, Senkondo akainua mkono wa kulia, ule ule wa kuminya tangawizi. Vidole vilikuwa vimeukamata mpini wa jembe.

"Nipo."

Mgawa maji akawatazama wawili wale, akafuta macho kwa kiganja. "Sheria inasema jembe mkononi," akasema. "Haikusema mtu asibebwe." Akasogea kando, Elinihaki akamketisha baba yake ukingoni, akachukua jembe na kuyageuza maji.

Nakijwa aliporudi na dawa zake alikuta shamba linakunywa, na baba mkubwa amekaa kwenye tope hadi kiunoni akililinda. Alikaa chini pembeni yake akalia, wala hakujizuia.

"Tazama ulivyochafuka," akasema alipopata sauti. "Sasa nani atakuogesha?"

"Wewe," akasema Senkondo, na upande mmoja wa uso ukacheka. "Na utalipwa."

Haya. Jana mlikuwa mnamsifu dada yenu Namvua jinsi anavyomuuguza bibi yenu, mnapiga makofi, na kioski chake kimefungwa tangu masika. Ndiyo maana babu yenu mdogo akasema vile, na ndiyo maana leo mkimaliza kumenya, mmoja wenu atakwenda kukifungua kioski kile, na wengine mtachanga. Mkono uuguzao nao una shamba.