Namba Saba

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura na fisi, bali zamani ambayo mama mmoja bado anaililia, skauti kumi na wawili waliteremka mto kwa mitumbwi mitatu. Safari ilikuwa ya siku nne. Wenye karanga wekeni chini kwanza, hadithi hii si ya kutafunia.

Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Kandidus, mtu wa sheria. Kila skauti alikuwa na namba yake, na kila walipopumzika hawakupanda tena mitumbwini mpaka wahesabiane: moja, mbili, tatu, hadi kumi na mbili. Sheria ya pili ilikuwa hii: "Ukipotea, usitangetange. Kaa palepale, piga filimbi mara tatu, tutakurudia."

Namba saba alikuwa Faustina, binti wa miaka kumi na mitatu, mzito wa kujiandaa kuliko wote. Namba nane alikuwa rafiki yake wa chanda na pete, Leokadia.

Siku ya kwanza, watu wanahesabiana, Faustina bado anafunga viatu nyuma ya matete. Leokadia akaitika, "Saba!" kwa sauti nyembamba, kisha, "Nane!" kwa sauti yake mwenyewe. Mwalimu akasikia, akacheka, akasema, "Haya, skauti ni rafiki wa wote." Faustina akaja mbio, akapanda. Siku ya pili ikawa vilevile. Saba, nane, kicheko, mbio, wakapanda.

Siku ya tatu walipumzika kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto. Faustina alikuwa ameanika skafu yake upande wa pili, akaenda kuichukua. Mwalimu ameinamia ramani. "Hesabuni!" Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. "Saba!" "Nane!" Mpaka kumi na mbili. Mwalimu hakuinua macho. Safari hii hakuna aliyekuja mbio, na mitumbwi ikaondoka.

Nyuma ya mtumbwi wa tatu alisimama Likambale, mpiga pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, mzaliwa wa mto ule. Kwake walipanda skauti watatu badala ya wanne. Aliona. Lakini siku ya kwanza alipomkemea mtoto aliyening'iniza mkono majini, Mwalimu alimwambia mbele ya wote, "Bwana wee, kazi yako pondo. Watoto ni wangu." Basi akanyamaza. Akasema moyoni, labda amehamia kwa wenzake.

Baada ya saa nzima mitumbwi ilikaribiana kwenye kona. Leokadia, aliyekuwa mtumbwi wa kwanza, akaita, "Faustina! Umelala?" Watu wakahesabu vichwa: kumi na mmoja.

Wakageuza. Kushuka ilikuwa saa moja, kupanda ikawa saa tatu. Na milimani mvua ilikuwa imenyesha, maji yakaja mekundu, yakajaa. Walipokaribia waliisikia filimbi. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya. Kisha mara mbili.

Walipofika, kisiwa hakikuwepo. Ncha za matete tu, na kwenye tete moja skafu, imefungwa kwa fundo alilofundishwa, fundo lisilofunguka hata kwa maji.

Mwili haukupatikana. Siku ya matanga mama yake aliketi mkekani, skafu mapajani, akawaita mbele yake waliohusika. Akasema, "Nina chuki, na nguvu za kuwachukia watatu sina. Mto hausikii. Nipeni mmoja."

Leokadia akapiga magoti. "Mama, ni mimi. Niliitika namba ya mwanao nami sikumwona. Ningenyamaza, pengo lingesikika."

Likambale akasema, "Dada, mwache mtoto. Yeye hakuona. Mimi niliona kwa macho yangu haya, nikanyamaza kwa sababu niliaibishwa. Nililinda kinyongo changu, sikumlinda mwanao."

Mwalimu Kandidus akasema, "Mama Faustina, niliyeucheka mchezo wa kuitikiana ni mimi. Niliyemfunga huyu bwana mdomo ni mimi. Na niliyemwambia mtoto akae palepale ni mimi. Akakaa."

Mama akawatazama, mmoja, wa pili, wa tatu. Kisha akasema taratibu, "Faustina aliogelea tangu ana miaka sita. Kabla maji hayajajaa, ng'ambo isingemshinda. Lakini asubuhi ya kuondoka nilimshika sikio, nikamwambia: wewe mkaidi, safari hii usinitie aibu, neno la mwalimu usilivuke." Akaikunja skafu. "Kumbe tuko wanne."

Mpaka leo hajachagua. Skafu inaning'inia msumarini nyuma ya mlango wake, na fundo lile hakuna aliyethubutu kulifungua. Na msiniambie ilikuwa ahadi ya Mungu. Hayo yalisemwa sana matangani, na hayakumfuta mtu chozi.

Ila kabla sijawauliza, lipo moja sijawaambia. Namba nane alipoita saba, kisha akaita nane, kwa mdomo mmoja, alikuwepo aliyesimama naye bega kwa bega. Alisikia zote mbili. Akageuza shingo kutafuta saba, akaona wenzake wana njaa na haraka ya kuondoka, akaona zamu yake imefika. Mtu huyo ni mimi. Nikaita, "Tisa!"

Haya, semeni, maana mimi usingizi umenikataa miaka yote hii. Je, Mama Faustina apewe nani?