Jiwe la Kona ya Mwisho

Walikuwapo watu watatu na gari moja, na kila mmoja alikuwa na kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho. Sikilizeni mpaka mwisho, maana hukumu haitakuwa yangu.

Wa kwanza ni Subilaga. Yeye alijua mvua. Alikulia kwenye mashamba ya chai juu ya Tukuyu, ambako upande mmoja wa barabara hunyesha na upande wa pili watu wameanika maharage. Alitazama wingu, akavuta pumzi, akakwambia litamwaga au litapita.

Wa pili ni Asagwile, fundi. Yeye alijua matairi. Alilipapasa tairi kwa kiganja kama mama anayepima homa ya mwanawe, akajua limebakiwa na nguvu kiasi gani. Mikono yake ilikuwa na haraka, na mdomo wake haraka zaidi. Hakuna dereva ambaye hajawahi kutaniwa naye.

Wa tatu ni Gwakisa, binamu yake Subilaga, dereva. Yeye alijua utelezi. Gari linapoanza kukimbilia pembeni, wengine hulipigania. Gwakisa alilisindikiza kidogo, akalibembeleza, kisha likarudi lenyewe.

Kila mwaka magari hushindana kwenye Mlima Lusungo, mizunguko sita ya barabara ya udongo, kupanda upande huu na kuteremka upande ule. Kila gari linaloshinda hupewa kona moja, na pembeni mwa kona hiyo husimikwa jiwe lenye jina. Si majina ya kikosi kizima. Jina la mtu mmoja, na la baba yake. Mwaka huo ilibaki kona moja tu isiyo na jiwe, ile ya mwisho ya mteremko. Ikipata mwenyewe, mlima umejaa.

Gwakisa aliitaka kona ile kuliko kitu kingine chochote. Baba yake, Mzee Mwaipyana, alishindana mlimani pale mpaka nywele zikawa nyeupe, na hakushinda hata mara moja. Alikufa akizisimulia kona zile kama mtu anayesimulia nyumba za majirani wasiomkaribisha. Jina la Gwakisa likipanda mlimani, la mzee litapanda nalo. Lisipopanda mwaka huo, halitapanda tena.

Asubuhi ya mbio palikuwa pakavu, na magari yote yaliondoka na matairi ya vumbi, yale yasiyo na meno marefu. Kabuje, bingwa wa gari jeupe ambaye tayari alikuwa na kona tatu, alipita akamuuliza Gwakisa kama amekuja kushindana au kusalimia mawe. Asagwile akamjibu kwa niaba yake kwamba wamekuja kumhesabia Kabuje mawe yake, wasije wengine wakayaiba. Watu wakacheka. Gwakisa hakucheka.

Mzunguko wa tatu mvua ilimwagika. Haikuanza kwa matone. Ilishuka nzima, kama mtu amepindua pipa. Mbele, pale barabara inapogawanyika, gari jeupe likakata kushoto kuingia kwenye banda la mafundi, likafuatwa na la pili, la tatu, la nne. Wote walikwenda kuvaa matairi ya tope. Mkono wa Gwakisa ulishaanza kuvuta usukani kushoto, redio ikakoroma. Alikuwa Subilaga, kutoka kileleni alikokaa kutazama mawingu.

"Usiingie, kaka."

"Dada, sioni hata boneti yangu."

"Hii ni ya kupita. Huku juu upepo umeshageuka. Ukiingia utatoka na matairi ya tope, na barabara itakuwa imekauka."

Gwakisa aliijua ardhi ile. Udongo wa Lusungo hunywa maji upesi, na changarawe kavu hung'oa meno ya tairi la tope kama mtu anayepukuchua mahindi. Lakini alijua pia kwamba Subilaga akikosea, yeye ataishia korongoni. Taa za magari yote zilikuwa kushoto. Akakata kulia, peke yake.

Hapo ndipo mikono yake ilipofanya kazi. Mizunguko miwili aliendesha juu ya kitu kisichoshikika. Gari lilipanda kimbavumbavu, likateremka likielea. Breki hakuzigusa, aliteremka kwa gia, akihesabu pumzi, akiliachia gari lilipotaka kwenda na kuliita lilipokuwa limekwenda vya kutosha. Mara moja gurudumu la nyuma lilining'inia hewani, na korongo likaonekana lote chini ya dirisha. Akaliita. Likarudi.

Na mvua ikakatika, kama alivyosema Subilaga. Barabara ikakauka. Magari yenye matairi ya tope yakaanza kutetemeka, meno yakiruka pembeni vipande vipande. Mzunguko wa tano ulipokaribia mwisho, Gwakisa alikuwa anaongoza, na gari jeupe lilikuwa mbali nyuma.

Redio ikakoroma tena. Safari hii sauti ya Subilaga ilikuwa ya chini. Alisema amekosea. Alidhani mvua haitarudi, nayo imerudi, ila kwenye mteremko tu. Mpando bado ni mkavu. Na matairi ya Gwakisa yalikuwa yamekwisha, yamekuwa laini kama sabuni. Hapakuwa na ujanja, ilibidi aingie bandani. Gwakisa akamwagiza Asagwile kwa redio aandae matairi ya tope, yote manne.

Asagwile alisikia, na hakutii. Jeki ilipozama kwenye tope la bandani aling'oa mlango wa banda, akautandika chini, akainua gari. Mbele akafunga ya tope, nyuma akafunga ya vumbi. Hakuna fundi mlimani pale aliyewahi kufanya hivyo. Gwakisa aliyaona kwenye kioo.

"Fundi, nimesema manne."

"Umesema. Ya nyuma yatakusukuma kwenye mpando mkavu, ya mbele yatakushikia mteremko. Nenda, ndugu yangu, Kabuje huyo."

Gari jeupe lilikuwa limempita huku akiwa bado juu ya jeki. Gwakisa akaondoka na hasira. Kwenye mpando hasira ikaisha, maana gari lilisukumwa kama limepigwa teke, akamkuta Kabuje anaparaza changarawe kwa matairi yasiyo na meno. Wakafika kileleni sambamba. Wakaanza kuteremka ndani ya mvua.

Kisha usukani ukaanza kucheza. Gurudumu la mbele, la kushoto. Gwakisa alielewa mara moja: katika haraka yake, Asagwile hakuwa amezikaza nati. Angeweza kupunguza mwendo, akafika salama wa pili. Hakupunguza. Kila kona ya kulia, ambapo uzito wote hulalia gurudumu lile, alilitupa gari mapema, likateleza kwa makalio, uzito ukabaki nyuma. Kona ya mwisho, ile isiyo na jiwe, ni ya kulia. Aliingia karibu kinyumenyume. Akatoka mbele ya Kabuje kwa urefu wa boneti, akavuka mstari, na gurudumu likachomoka, likabingirika lenyewe mpaka kwenye shamba la chai pembeni.

Watu walishangilia, kisha wakapisha njia, maana msimamizi, Mama Tusajigwe, alikuwa amefika. Desturi ya Lusungo ni hii: dereva huweka kiganja juu ya boneti na kutaja jina la jiwe kabla boneti haijapoa. Ikipoa bila jina, jiwe huenda kwa gari la pili. Na mvua ilikuwa inaipiga boneti ile bila huruma.

Subilaga alishuka mlimani mbio, amelowa, Asagwile akaja na spana mkononi. Mama Tusajigwe akauliza jina.

"Bila mimi ungeingia bandani na wenzako," alisema Subilaga, "ukatoka nyuma yao."

"Na bila mimi," alisema Asagwile, "ungepanda mlima kama Kabuje, meno yote chini."

"Na bila mimi," alisema Gwakisa, "gari lingelala korongoni mara mbili. Mara moja kwa mvua yako, dada, mara moja kwa nati zako, fundi."

Gwakisa akaweka kiganja juu ya boneti. Jina la baba yake lilikuwa limeshamfika kooni. Mvua ya Subilaga ilikuwa sahihi, kisha ikakosea. Agizo la Gwakisa mwenyewe lingewapoteza, na ukaidi wa fundi ukawaokoa, kisha haraka ya fundi ikakaribia kuwaua. Kabuje alikuwa amesimama pembeni, anatazama mvuke unavyopungua.

"Inapoa, mwanangu," alisema Mama Tusajigwe.

Jiwe ni moja, na mlima hauna kona nyingine. Haya, wewe uliyekaa hapo unasikiliza, chukulia kiganja kilicho juu ya boneti ni chako: ungetaja jina la nani?