Chura na Mimea Yenye Vifuko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na vyungu vyao, Chura aliishi mlimani kwenye mawe, kama mgeni. Kwao hasa kulikuwa bwawani. Lakini Kiboko alilitaka bwawa peke yake, akawafukuza vyura wote, kila mmoja akashika njia yake.

Chura aliondoka na vijimea vya kwao tu. Akavipanda nyumbani: mmea wenye maua ya manjano ukaelea kwenye chungu cha maji, wa zambarau ukaota kwenye chungu cha tope, na ule mdogo mweupe akautilia mchanga uliolowa. Mimea yote ilikuwa na vifuko vidogo kama punje za ufuta. Kidudu kikivigusa, fyup! Kimemezwa.

Kila jioni Chura aliinama kunusa vyungu vile. "Kwetu kunanukia hivi hivi," alisema.

Siku moja Kiboko akapita akitafuta majani.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Maua hayo yananitamanisha. Sogea niyale!"

Chura akajiuliza: yakiliwa hayo, harufu ya kwao ataipata wapi?

"Kula tu, bwana, ila tazama kwanza." Akatia kiluwiluwi cha mbu chunguni. Fyup!

"Lo! Kimekwenda wapi?"

"Kimeliwa. Na mmea huu ni mtoto tu, nimeutoa bwawani kwako. Mama yake bado yumo chini ya tope, na vifuko vyake ni vikubwa kuliko tumbo lako. Ulipotufukuza, bwana, tulikushukuru kwa kutuokoa!"

"Mwongo we!"

"Haya. Ukisimama bwawani, husikii kitu kikikuvuta miguu?"

Kiboko akaitazama miguu yake. Tope humvuta kila mzito, lakini hilo hakulifikiria.

"Nasikia," akanong'ona. "Chwaa, chwaa... kila siku!"

"Basi ni huyo mama, anakuonja."

"Mama yangu wee!" Kiboko akatimka, gudu gudu gudu, mpaka mto wa mbali, asirudi tena.

Chura akashuka bwawani, akajitosa, chubwi! Maji yalikuwa yale yale, lakini kimya. Akaita, "Kroo!" Hakuna aliyeitika. Akaita mpaka sauti ikamkauka. Kumbe bwawa bila wenzake ni maji tu.

Akaita mara moja tena.

Mbali, nyuma ya vichaka, sauti nyembamba ikajibu: "Kroo?"

"Njooni!" Chura akalia. "Njooni, kwetu kumefunguka!"

Nanyi kumbukeni, wanangu: apendaye kwao hakosi akili ya kurudi.