Betri ya Kabatini

"Betri hupimwa na mzigo." Jana kwenye kikao mlimsikia shangazi yenu akimwambia mwenyekiti maneno hayo, mwenyekiti akafunga daftari lake akatoka bila kuaga. Leo mmekuja mmekunja nyuso, mnataka kujua ni tusi gani lile. Si tusi. Ni methali, tena changa kuliko mimi, na ilizaliwa kwa hasira. Ketini niwaeleze ilivyoanza.

Kulikuwa na shule ya sekondari ya wasichana huko Usukumani, kwenye mbuga ya pamba isiyo na kilima wala mti mrefu. Fundi wa maabara wa shule hiyo alikuwa mwanamke aliyeitwa Nkwimba. Baba yake alikuwa fundi umeme wa malori kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kwa hiyo Nkwimba alikua kichwa chake kikiwa chini ya boneti. Hakuwa mwalimu, hakuwa na cheti kikubwa, na ovaroli lake halikutakata hata Jumapili. Lakini kila jioni wasichana walijaa kwenye karakana yake, chumba kimoja cha mabati nyuma ya jiko, wakijifunza kutengeneza roketi ndogo za karatasi.

Msidhani ni mchezo wa kitoto. Roketi ilikuwa bomba la karatasi ngumu lenye urefu wa mkono, na mkiani ilitiwa injini ndogo ya baruti. Ndani ya baruti huingizwa kiwashio, yaani waya mwembamba kama uzi. Mtu husimama mbali, hubonyeza swichi, umeme wa betri hupita kwenye waya, waya huiva ukawa mwekundu, baruti hushika, roketi hiyo! Kazi yote iko kwenye betri. Waya ule hautaki kubembelezwa, unataka nguvu nyingi kwa mara moja.

Walijaribu betri nane za tochi, waya ukapata uvuguvugu tu. Wakajaribu betri ya mraba ya redio. Ikawasha mara moja, ya pili ikagoma. Mwisho Nkwimba akaleta betri kuukuu iliyotoka kwenye pikipiki ya padri. Ilikuwa imechubuka kila upande, na mfuniko wake uliolegea aliukaza kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Haikuwa ya kutazamwa. Aliichaji, kisha akaiunganisha na balbu ya taa kubwa ya lori kama baba yake alivyomfundisha, akamwambia Minza, msichana aliyeongoza kikundi, ahesabu mpaka sitini. Balbu iliwaka kwa ukali uleule tangu moja hadi sitini.

"Huo ndio mzigo," Nkwimba alisema. "Ikiubeba huo, kile kiwaya chetu ni unyoya."

Sasa, mkuu wa shule, Bwana Luhende, alikuwa anaitamani karakana ile. Mnajua aliitakia nini? Stoo ya viti vya wageni. Suala lilipofika mkoani, afisa mmoja wa elimu akaamua kuja mwenyewe kuona roketi ikirushwa. Ikiruka, karakana ibaki kwa wasichana. Isiporuka, ufunguo akabidhiwe Mkuu. Na wenye mamlaka ya anga walitoa kibali cha saa moja tu, saa nne hadi saa tano asubuhi, kwa sababu ya ndege ndogo zinazopita huko.

Mnazijua shule zetu mgeni rasmi anapokuja. Mawe yanapakwa chokaa, majani yanafyekwa, wagonjwa wanaambiwa wasikohoe. Asubuhi hiyo Luhende alikagua uwanja akiwa na suti, akafika kwenye meza ya roketi, akasimama.

"Fundi, hiki nini?"

"Betri, Mkuu."

"Naona ni betri. Nauliza inafanya nini mbele ya mgeni rasmi, imefungwa tyubu kama mguu uliovunjika?"

Hakungoja jibu. Alituma iletwe betri ya ofisini kwake. Wafadhili walikuwa wameitoa miaka mitatu nyuma, naye akaiweka kwenye kabati la vioo pamoja na vikombe vya netiboli. Ilikuwa inang'aa, bado imevaa nailoni yake. Luhende alifunua nailoni kidogo pembeni, akagusisha mita ya kupimia umeme.

"Volti kumi na mbili nukta sita! Umeona? Mita haina upendeleo."

"Mita inaipima ikiwa imelala, Mkuu. Miaka mitatu haijachajiwa. Niruhusu niipe mzigo dakika moja tu, balbu ninayo hapa mfukoni."

"Uichubue vichwa vyake? Usinitie aibu leo, Fundi. Na ovaroli hilo... nenda kakae kule nyuma na wapishi."

Akaibeba betri ya padri kwa vidole viwili, akaifungia stoo, ufunguo akautia mfukoni. Nkwimba akasema, "Sawa, Mkuu," akaenda nyuma. Alimkasirikia Luhende, na zaidi alijikasirikia mwenyewe kwa ile "sawa" yake. Miaka ishirini ya kazi, na ulimi bado ulikuwa unasema sawa kabla moyo haujaulizwa.

Hotuba zilikula dakika arobaini. Kulikuwa na salamu za bodi, salamu za kata, na shairi la kumsifu mgeni ambaye hakuna aliyemjua. Hatimaye Minza alisimama, akahesabu kwa sauti, "Tano, nne, tatu, mbili, moja," akabonyeza. Kimya. Akabadilisha kiwashio, akabonyeza tena. Kimya. Mara ya tatu, watu wakaanza kucheka. Mgeni rasmi, yule afisa wa elimu, mama mmoja mwenye miwani, alitazama saa yake. Zilibaki dakika kumi.

Luhende akainuka, akafunga vifungo vya koti.

"Mheshimiwa, tuwie radhi. Huyu binti ndiye aliyekabidhiwa mitambo. Nilimwonya ajiandae. Uzembe wa watoto, ndiyo hasara yake."

Minza hakulia, wala hakumtaja mtu. Aliinama akaanza kukagua nyaya upya, moja baada ya nyingine.

Nkwimba alipomwona hivyo, alisimama. Mpishi mmoja alimshika ovaroli kumzuia, likachomoka mkononi mwake. Alipita katikati ya viti vya wageni hadi mezani, akairarua nailoni, akachukua mita kutoka mkononi mwa Luhende bila kuomba.

"Mheshimiwa, naomba utazame. Hii hapa, kumi na mbili nukta sita. Sasa naifunga balbu."

Balbu ikatoa wekundu hafifu, ikazima. Namba za mita zikaporomoka hadi nne. Mgeni rasmi akavua miwani, akaivaa tena.

"Ni hitilafu ndogo tu," Luhende alisema.

Hapo ndipo Nkwimba alipomgeukia.

"Betri hupimwa na mzigo, Mkuu, na mtu vivyo hivyo! Kila mkutano wa wazazi mita yako inasoma kumi na mbili nukta sita. Leo umepata mzigo wa dakika kumi, umeutupa juu ya mtoto. Nimekuambia asubuhi, ukanifukuza. Toa ufunguo wa stoo."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Toa ufunguo."

"Mkuu," mgeni rasmi alisema taratibu, "unao?"

Luhende alijipapasa mifuko yote ambayo ufunguo haukuwemo, mwisho akaupata. Minza aliunyakua, akakimbia, akarudi akiwa ameikumbatia betri ya padri kifuani na tyubu yake. Zilibaki dakika tatu.

"Nihesabu kwanza sitini, Fundi?"

"Tulishahesabu, mwanangu. Bonyeza."

Roketi ilichomoka kwa mlio mkali mpaka baadhi ya wazee wakalala chini, ikapanda, ikawa kitone, ikapotea kwenye weupe wa anga. Wasichana walipiga vigelegele. Nkwimba peke yake hakutazama juu. Alikuwa anamtazama Luhende, aliyekuwa anapiga makofi kuliko wote na kumwinamia mgeni akimwambia, "Nilijua, Mheshimiwa, nilijua tu."

Karakana ilibaki kwa wasichana, iliandikwa na kupigwa muhuri. Lakini Minza hakuombwa radhi siku ile, wala wiki ile, wala mwezi ule.

Ukafika mkutano wa wazazi. Luhende alisimama jukwaani akaeleza jinsi yeye binafsi alivyosimamia kwa makini uchaguzi wa betri. Alisema vizuri, maana kusema alijua. Wazazi wakapiga makofi. Katikati ya makofi hayo akasimama mama yake Minza, mkulima wa pamba, mwanamke ambaye mita hajawahi kuishika, lakini maneno ya Nkwimba alikuwa ameyasikia kwa mwanawe, kama kijiji kizima.

"Mkuu, shikamoo. Mwanangu ulimwita mzembe mbele ya wageni. Umeshamwomba radhi?"

Minza alikuwa amesimama dirishani na wenzake, hatua kumi tu kutoka jukwaani. Luhende alimtazama, akawatazama walimu wake, akaokota karatasi zake.

"Hayo ni mambo ya ofisi, mama. Tuendelee na ajenda."

Mama yule hakubishana. Aliwageukia wazazi wenzake, akasema bila kupaza sauti, "Betri hupimwa na mzigo," akakaa. Hakuna aliyeuliza maana yake, na hakuna aliyepiga makofi tena.