Mkono Mzito wa Zuwena

Wametuhadithia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kwamba katika mji mmoja wa visiwani aliishi bikizee mcha Mungu aitwaye Bi Shufaa. Ulimi wake haukuacha dhikri, wala haukuacha mzaha. Na kwa kuwa hakupenda kuikata dhikri yake kwa maneno ya dunia, alifanya dhikri hiyohiyo imtumikie nyumbani. Akiwa juu ya msala na kuku wameingia kwenye mchele ulioanikwa, alipaza sauti, "Subhanallah!" Chungu kikianza kuungua, alileta istighfari mbili za harakaharaka. Mgeni akikaa kupita kiasi, alivuta "Laa ilaaha illallah" ndefu mpaka mgeni mwenyewe akatafuta viatu vyake. Watu wa nyumba ile waliijua lugha hiyo kuliko walivyojua majina ya majirani.

Bi Shufaa alikuwa na binti mmoja, Zuwena, na mtoto mmoja wa kiume, Haidari. Zuwena alikuwa mwanamke wa sala na saumu, mwenye mikono ya kazi, na alimpenda mama yake kupita kitu chochote cha dunia. Hapo ndipo shetani alipopata mlango. Kwani tangu utotoni, ukoko wa chungu cha wali ulikuwa haki ya Zuwena. Mama aliukwangua kwa mkono wake, akampa yeye peke yake, nyuma ya mlango wa jikoni. Kisha Haidari akamwoa Mwanaiki, msichana aliyekuja kutoka kisiwa cha mbali bila mama wala dada. Wiki ya kwanza haikwisha, Zuwena aliingia jikoni akakuta ukoko umegawanywa nusu kwa nusu.

Zuwena alikula nusu yake na haikushuka. Tangu siku hiyo akawa anahesabu. Mwanaiki ameitwa "mwanangu" mara ngapi leo? Mwanaiki amepakwa mafuta kichwani, mimi mbona sijapakwa? Wifi yake akicheka na mama ukumbini, yeye jikoni alisugua masinia kwa hasira mpaka Bi Shufaa akaleta istighfari mbili ilhali hakuna chungu kilichoungua. Alimsalimu Mwanaiki vizuri, alimpa chakula, hakumtukana hata siku moja. Lakini moyoni alimwona kuwa mwizi, na wivu ule aliuficha chini ya ibada zake hata yeye mwenyewe akadhani haupo.

Ikapita miaka, Bi Shufaa akalala kitandani kwa maradhi ya mwisho. Asubuhi moja, Mwanaiki amekwenda kisimani, bikizee akamwita binti yake.

"Zuwena mwanangu, nikifa anioshe Mwanaiki. Wewe ushike sitara."

Sitara ni ile nguo inayotandazwa na kushikwa juu ya maiti ili mwili wake usionekane. Ni kazi yenye heshima. Lakini yule aoshaye ndiye mwenye mkono wa mwisho, na Zuwena alikuwa amemuuguza miaka mitatu kwa matumaini ya mkono huo. Akahisi kama amepigwa kofi.

"Kwa nini yeye, mama? Mimi si ndiye uliyenizaa?"

"Mkono wako mzito, mama," akasema Bi Shufaa, na macho yake yakacheka. "Umesugua masinia yangu mpaka maua yake yamefutika. Mimi sitaki kufika kwa Mola wangu nimechubuka." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akamshika binti yake kiganja. "Ipo na sababu nyingine. Keti nikwambie."

"Uji unachemka," akasema Zuwena, akatoa mkono wake, akaondoka. Hapakuwa na uji motoni.

Siku ya tatu, dhuha ya Ijumaa, Bi Shufaa akarejea kwa Mola wake. Wanawake wakajaa ukumbini. Bi Tima, jirani aliyezoea kusimamia mazishi ya wanawake mtaani, akauliza kama ilivyo ada, "Marehemu ameacha wasia? Nani amwoshe?"

Mwanaiki alikuwa amesimama mlangoni. Mikononi alishika kifurushi cha majani ya mkunazi ya kuoshea maiti, aliyoyatwanga mwenyewe, na kafuri ndani ya kitambaa. Zuwena akakitazama kifurushi kile, na moyo wake ukawaka.

"Hakuacha neno," akasema. "Mimi ndiye binti yake. Nitamwosha mwenyewe."

Mwanaiki akamtazama kidogo tu. Kisha akaweka kifurushi mikononi mwa Zuwena, akaenda akashika upande mmoja wa sitara, akageuza uso ukutani. Zuwena akasema moyoni, tazama kiburi chake.

Akamwosha mama yake. Akamwosha mara tatu, kuume kwanza kisha kushoto, na mara ya mwisho kwa maji ya kafuri. Mkono wake ule uliofuta maua ya masinia ukawa mwepesi mno, hata Bi Tima akamwambia aongeze nguvu kidogo. Alikuwa amepata alichokitaka. Akangojea utulivu uje, na haukuja. Kila alipomwaga maji aliisikia sauti ya mama yake ikisema, keti nikwambie.

Ikafika siku ya arobaini. Hitima ikasomwa, chakula kikaliwa, wanawake wakabaki kwenye mikeka wakimkumbuka marehemu. Mmoja akahadithia jinsi Bi Shufaa alivyokuwa akitwangiwa tambuu kwa kukosa meno, kisha akiwalaumu vijana kwa kutafuna ovyo. Mwingine akasimulia habari ya mgeni na ile "Laa ilaaha illallah" ndefu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, wengine wakifuta machozi kwa ncha za kanga zao.

Kisha Mwanaiki akasema, "Mimi nilipoolewa sikuijua lugha ile. Siku moja akasema 'Subhanallah' kwa nguvu, nami nikaitikia 'Walhamdulillahi', nikaketi kwa adabu kusikiliza mawaidha. Kuku wakala mchele wote. Mama akamaliza uradi wake, akaniambia, 'Mwanangu, una imani nzuri, lakini leo tutalala na njaa.'"

Wakacheka wote ila Zuwena. Kisa kile hakukijua. Siku arobaini mama yake yumo kaburini, na bado Mwanaiki ana fungu la mama ambalo yeye hanalo! Wivu ukampanda.

Hapo Bi Tima akamgeukia. "Na wewe Zuwena, heri yako. Umemwosha mama yako kwa mkono mwepesi kama unayeosha mtoto mchanga. Mwenyezi Mungu akulipe kwa kuitimiza haki yake."

"Amin," wakaitikia wanawake wote. Na sauti ya Mwanaiki ilikuwamo.

Amin ile ilimwingia Zuwena mahali ambapo lawama isingefika. Akaona kwamba akinyamaza, ataibeba amana ile ya wasia mpaka siku ya kuulizwa, na watu wakimwombea malipo kwa jambo la wizi. Akasimama.

"Nyamazeni, jamaa zangu. Msiniombee. Mama aliacha wasia. Alisema amwoshe Mwanaiki, nami nishike sitara. Nilisema uongo mbele ya maiti yake. Nilimwonea wivu wifi yangu tangu siku ya ukoko, na mpaka leo namwonea." Akamgeukia Mwanaiki. "Nimekudhulumu kitu kisichorudishika. Mimi mwizi, si wewe."

Mwanaiki akaweka chini kikombe chake.

"Nilijua, wifi," akasema taratibu. "Mama aliniambia asubuhi ileile niliporudi kisimani. Mama yangu mzazi alifariki kabla sijaolewa, mimi niko mbali, nikafika nikakuta kaburi limekauka. Sikumwosha, wala uso wake sikuuona. Nilipomweleza mama Shufaa, akaniahidi, 'Mimi utaniosha wewe, na hapo utakuwa umemwosha na yule wako.'"

Zuwena akaziba uso. Hiyo ndiyo sababu ya pili, ile aliyoikimbia kwa uji usiokuwapo.

"Mbona hukusema? Ulisimama mlangoni na kafuri yako ukanyamaza!"

"Aliniusia." Mwanaiki akacheka na machozi yakimtoka. "Alisema, 'Nimemwambia Zuwena, na uso wake umebadilika. Huenda akakunyima. Akikunyima, mwanangu, usigombane naye, shika sitara tu. Mimi ni mama yake pia. Nitakwenda kwa Mola wangu nimechubuka kidogo, lakini mtoto wangu moyo wake utatulia.'"

Wanawake wakacheka na kulia kwa pamoja. Zuwena akaanguka kwenye magoti ya wifi yake. "Haukutulia," akasema. "Wallahi, haukutulia hata siku moja."

Wasimulizi wanasema, tangu siku ile chungu cha wali hakikuepuliwa nyumbani mwao ila ukoko wake uligawanywa nusu kwa nusu, na Zuwena ndiye aliyegawa. Na miaka mingi baadaye, maradhi ya mwisho yalipomjia yeye, aliwaita binti zake wote mbele ya mashahidi, asije mmoja wao akafanya alivyofanya mama yao.

"Nikifa, anioshe Mwanaiki. Nyinyi mshike sitara."

Mwanaiki alikuwa bikizee siku hiyo, mgongo umepinda. Alikuja na majani ya mkunazi aliyoyatwanga mwenyewe. Aliyapasha maji joto, akayajaribu kwenye kifundo cha mkono wake, akamwosha wifi yake polepole, huku binti wanne wameshika sitara. Alipomaliza kumwagia maji ya kafuri, walimsikia akinong'ona, "Tumemaliza, mama zangu wawili, na wewe ndugu yangu. Hakuna aliyechubuka."

Mwenyezi Mungu awawie radhi. Nawe uliyekisoma kisa hiki, kama ipo amana ya marehemu uliyoifungia kinywani kwa sababu ya wivu, kaifikishe leo kwa mwenyewe. Yumkini anaijua, na anakungoja kwa upole.