Jeshi Lililokula Kiapo cha Duara

Hamjambo nyote? Haya, nyamazeni basi. Wewe pale, muwa utatafuna kesho. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, jeshi la nyati lililinda bonde. Simba akija, walisimama duara, ndama katikati, pembe nje. Kila kuruta alikula kiapo cha kutolivunja. Tena Jemadari Igogo alikuwa akiwapima mazoezini. Anapaza sauti, "Vunjeni!" Anayesogea, anafukuzwa.

Mwalimu wa kuruta alikuwa Nyamizi, na binti yake Kalunde alikuwa mmoja wao. Siku moja Nyamizi akarudi kutoka bonde la jirani, ananuka majivu.

"Jemadari, fisi siku hizi wanabeba vijinga vya moto. Kongoni wameteketea. Tuwazoeze vijana kuvunja duara wakimbilie mtoni."

Igogo akacheka. "Babu yangu alisimama duara. Baba yangu alisimama duara. Mimi nimesimama duara. Simba gani alipita?"

"Moto si simba, mzee wangu."

"Jeshi likizoea kukimbia, mama, litakimbia hata panya!"

Wakuu wakaitikia, "Kweli! Kweli! Kweli!"

Lakini Igogo hakuwa mjinga. Akawaza, akasema, "Haya, twende na wakati. Wafundishe kwa maneno. Uwanjani, duara tu."

Basi Nyamizi akafundisha kwa maneno. Vijana wakakariri mpaka wakajua. Wakitoka hapo, uwanjani, duara.

Kiangazi kikafika, na fisi wakafika. Nyasi zikashika moto pande tatu. Vijana wakasimama duara, pembe nje. Igogo akauona moto, akapaza sauti.

"Vunjeni!"

Kimya.

"Vunjeni!"

Kimya.

"Vunjeni, wanangu, nawaomba!"

Wakakaza kwato. Wakanong'onezana, "Anatupima huyo. Usisogee."

Nyamizi akampiga Kalunde kikumbo ubavuni. "Kimbia, mwanangu!"

"Mama, nitafukuzwa!"

Akamsukuma tena. Kalunde akayumba, kisha akarudi mahali pake. Moshi ukawafunika. Nyamizi akaita, akaita, akaita.

Asubuhi walibaki Igogo, Nyamizi na wazee waliokuwa kando ya mto. Igogo akamjia Nyamizi, manyoya yameungua, macho chini.

"Mwalimu, hayo mafunzo mapya… tuanze lini?"

Nyamizi akautazama uwanja mweusi.

"Tuanze na nani, Jemadari?"

Hadithi yangu imekomea hapo. Mimi nakwenda zangu. Nikijaliwa uzima nitarudi. Mkilala, zimeni moto vizuri.